Kabla hujaacha gongo, uandae mwili

Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono haitulii mpaka uzimue, tafadhali usiiache pombe ghafla ukiwa peke yako. Nataka uache, na nataka ubaki mzima. Mwili uliozoea pombe ukiikosa huanza kudai ndani ya saa 6 hadi 24: jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukata. Wengine hupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 mtu anaweza kuweweseka na kuona wadudu wasiokuwepo ukutani. Hali hiyo inaua.

Hapa Kigoma kinachotuponza ni malaria. Mtu akitetemeka na kuloa jasho, nyumba nzima inasema ni homa. Anatafutiwa dawa ya mseto dukani bila kupimwa, anafunikwa blanketi, na arosto, yaani hali ya mwili kudai pombe, inaendelea kupanda. Kwa hiyo nenda kituo cha afya kabla ya siku uliyopanga kuacha. Pima malaria, ndiyo, lakini mweleze daktari ukweli wote: unakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini, na kama uliwahi kuanguka degedege. Usione haya. Akitaka kukulaza, au akikupa rufaa ya kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, kubali. Zipo dawa za kutuliza hali hii, na dozi yake hupunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi. Usizitafute mwenyewe dukani. Na kabla hujatundikiwa dripu ya glukosi, anayekutibu ajue wewe ni mnywaji, kwa sababu mwili uliopungukiwa vitamini B1 unahitaji kupewa vitamini hiyo mapema, la sivyo ubongo unaweza kuumia. Ukiwa hapohapo, pima pia kifua kikuu, VVU na homa ya ini.

Chakula kiwekwe ndani mapema, maana siku hizo hutakuwa na nguvu za kwenda sokoni Mwanga. Ugali wa muhogo mtupu hautoshi. Ongeza maharage, karanga, unga wa dona, na dagaa au mgebuka wa mawese tumbo likishatulia. Kwanza uji mwepesi na maji, kidogo kidogo. Panadol usizimeze ovyo. Ini lako tayari limechoka.

Wavuvi, nawaomba sana: wiki ya kwanza msiingie ziwani. Degedege ikikushika usiku mtumbwini, wenzako hawatakuwahi. Bodaboda nao wapaki pikipiki.

Tafuta mtu wa kulala naye nyumba moja, asiyekunywa, mwenye simu yenye chaji na nauli ya dharura mfukoni. Mwambie mapema: ukianguka, akulaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu yako, asikutie kijiko mdomoni, akukimbize hospitali hata kama ni saa nane za usiku.