SOMO: Siku ya kuzaliwa ya mbwa uliyemwokota

Wakuu, salaam. Tangu nianze kuchukua mbwa waliotupwa hapa Nkuhungu, Dodoma, kila wiki naulizwa: mbwa wa kuokota nitajuaje alizaliwa lini, na siku hiyo nimpe nini? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Tarehe. Mfungue mdomo. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miezi 3 hadi 5, na akifika miezi 7 hivi anakuwa na 42 ya kudumu. Ukimwokota meno yakiwa mchanganyiko, hesabu kurudi nyuma, hutakosea sana. Kwa mkubwa, daktari wa mifugo atakisia kwa kulika kwa meno na ugaga, tena kwa miaka, si kwa siku. Wakubwa wangu nawahesabia siku waliyoingia getini.

2. Iandike kwenye kadi ya chanjo.

3. Chanjo ya kichaa cha mbwa ifanyike wiki hiyo hiyo kila mwaka. Mtoto huanza akiwa na miezi 3.

4. Chakula. Someni hapa polepole. Popi alipotimiza mwaka wa pili kwangu, nilimwokea keki ya unga wa mtama na mayai, juu nikapanga zabibu. Ulikuwa msimu, nyumba nzima tunakula, nikawa namrushia na nyingine. Usiku akatapika. Asubuhi akalala kwenye saruji, chakula hataki, na hadi mchana hajakojoa. Jirani akasema nimpe maziwa yakate sumu. Nikampa, nikapoteza saa nne. Daktari alimtundikia dripu siku tatu. Alipona, ila nilikesha naye nikijua ni mkono wangu uliomlisha.

Zabibu huharibu figo za mbwa, ziwe mbichi au kavu. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Makapi yanayobaki baada ya kukamua zabibu za mvinyo nayo ni hayo hayo, msiyatupe uani. Akila, mkimbizeni kwa daktari saa hiyo hiyo, msisubiri dalili. Maziwa hayasaidii. Maji ya chumvi ya kumtapisha ni hatari nyingine. Vitunguu vya aina zote, chokoleti, bigijii zisizo na sukari na mifupa iliyopikwa, hapana.

Keki yangu ya sasa: unga wa mtama, yai, boga lililopondwa na maini ya kuchemsha. Bila chumvi, bila sukari.

5. Wageni wachache. Mbwa aliyepigwa mawe mtaani hajui kuwa makofi ni ya furaha. Baluni acheni. Na kama majirani ni Waislamu, vyombo vyake viwe mbali na vya wageni.

MASWALI

Kijana wa Kisasa: Mkuu, zabibu mbili tatu si mbaya eti?

Jibu: Hatua ya 4.

Kijana wa Kisasa: Lakini mbwa wa babu alikuwa anakula shambani na hakufa.

Jibu: Wapo wanaokula wasidhurike, na wapo wanaoumwa kwa chache. Wa kwako yuko kundi gani, utajua akishaumwa. Mimi nilijua hivyo.

Mama wa Ipagala: Asante kwa somo. Kwa nini zabibu zidhuru mbwa na sisi tusidhurike? Na ukwaju je, maana wangu hulamba juisi ya watoto.

Jibu: Umeuliza jambo zuri, dada. Kinachoshukiwa zaidi ni asidi ya tartari iliyomo kwenye zabibu, ambayo figo za mbwa haziitoi vizuri kama zetu. Ukwaju una asidi hiyo kwa wingi, na umeshahusishwa na mbwa kuumwa vivyo hivyo. Mnyime juisi hiyo kuanzia leo, glasi ziwekwe juu.

Mkulima Kongwa: Karanga je? Huku tunazo magunia.

Jibu: Kidogo, zilizokaangwa bila chumvi, sawa. Lakini zilizoota ukungu ambazo watu hukataa, msimpe mbwa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na mbwa huathirika nayo haraka. Pumba za mahindi vivyo hivyo, zikiwa na ukungu msimpe.

Kijana wa Kisasa: Sawa mkuu, nimeelewa. Wangu nilimwokota tarehe 28 Septemba, akiwa mkubwa.

Jibu: Basi hiyo ndiyo yake. Ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, aliyetengeneza chanjo yenyewe. Muulize ofisa mifugo wa kata kama kutakuwa na kituo cha kuchanja. Mpeleke asubuhi kabla jua halijawa kali, na kamba iwe imara, maana atakuta mbwa wengi asiowajua.