Saini za imeili ofisini zifanane, iwe Outlook, Gmail au simu

Ofisini kwetu tuko kama arobaini hivi, na siku moja bosi akanifowadia imeili tatu za idara moja, ya kwanza logo kubwa kama mlango, ya pili logo haipo kabisa ni kiboksi tu chenye iksi, ya tatu chini imeandikwa "Sent from my iPhone" na ilikuwa inaenda kwa mteja anayesubiri invoisi. Juu yake kaandika neno moja: "Rekebisha." Basi nawapa nilivyofanya.

Kwanza tengeneza saini moja tu ya mfano, na usiitengenezee kwenye Word ukakopi, Word inabeba takataka kibao usizoziona. Fungua Notepad andika HTML mwenyewe, yaani zile kodi za kutengenezea kurasa za wavuti, na tumia jedwali la kizamani, table na td, kwa sababu Outlook ya Windows ile ya zamani tangu toleo la 2007 inachora imeili kwa injini ya Word, hayo mambo yenu ya flexbox, mpangilio wa kisasa wa kurasa, haiyajui. Upana wa logo uandike ndani ya tagi ya img yenyewe, width="120", ukiuweka kwenye CSS (kodi za mwonekano) peke yake Outlook inaleta picha kwa saizi yake halisi, ndo ule mlango sasa. Picha ikae kwenye tovuti yenu yenye https, usiichomeke kama base64, yaani picha iliyogeuzwa maandishi ndani ya kodi, maana Gmail haitaionyesha. Na kama logo ni maandishi meusi kwenye PNG isiyo na rangi nyuma, mtu mwenye simu ya dark mode haoni kitu, izungushie ukingo mweupe.

Fonti Arial, yatosha. Jina, cheo, simu ianze na +255, tovuti. Nukuu za hamasa waachie status za WhatsApp.

Kugawa sasa. Faili lako la Notepad lihifadhi kwa jina linaloishia .html, lifungue kwenye brauza, Ctrl+A, kopi, halafu pesti kwenye sehemu ya saini. Kwenye Gmail watu wanasahau vitu viwili: kuchagua saini ya imeili mpya NA ya kujibu, ni sehemu mbili tofauti, halafu kushuka mpaka chini kabisa kubonyeza kuhifadhi. Apple Mail ya Mac toa ile tiki ya kulazimisha fonti ifanane na ya kawaida, usipotoa inaharibu kila kitu. Outlook ya zamani ina folda yake, %APPDATA%\Microsoft\Signatures, unaweza kutupia mafaili humo, ila Outlook mpya na ya kwenye brauza hazisomi hiyo folda, saini zinakaa kwenye akaunti.

Simu usihangaike nazo. Apu ya Gmail saini yake ni maandishi matupu, haikubali logo, kwa hiyo andika mistari mitatu ya kawaida wote wapesti hiyohiyo, na ile "Sent from my iPhone" ifutwe.

Mkiwa na Microsoft 365 kuna njia ya seva, unaweka sheria inayobandika saini kwenye kila imeili inayotoka, %%DisplayName%% (jina) na %%Title%% (cheo) inazijaza yenyewe. Tamu, ila inabandika chini kabisa ya mazungumzo yote sio chini ya jibu lako, na usipoiambia iruke imeili ambayo tayari ina maneno fulani ya kwenye saini utakuta imeili moja ina saini kumi na moja zimepangana. Vyeo navyo visafishe kwanza kule kwenye akaunti, kuna mtu kwetu alikuwa bado "Intern" na sasa ni meneja.

Kabla ya kugawa jitumie mwenyewe, Gmail, Outlook, simu, halafu jijibu mara tatu uone. Mimi nilijaribu yote hayo ila namba ya simu sikuipiga, dada wa uhasibu ndo akagundua imekosa tarakimu moja, na hapo nishawawekea watu tisa.