Kunasa shaba kwa tope jeusi, hapa Lubumbashi

Wanafunzi wangu wa kemia wakisikia kwamba kuna bakteria wa baharini wanaosafisha maji yenye metali, wananiuliza: Madamu, bahari tutaitoa wapi? Hatuihitaji. Bakteria hao, Desulfovibrio na ndugu zake, wamejaa kwenye tope la bahari kwa sababu maji yake yana salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) nyingi, karibu gramu 2.7 kwa lita, na wao huivuta salfeti badala ya oksijeni. Wanachotoa ni salfidi, ambayo ikikutana na shaba, zinki au kobalti huigandisha ikawa chembe zisizoyeyuka; za shaba ni nyeusi. Basi usimsumbue dereva wa lori wa mpakani Kasumbalesa akuletee tope la Dar es Salaam: wengi wa huko hutaka chumvi. Jamaa zao wa maji baridi wako dambo, kwenye mabonde yenye majimaji, na maji ya mabaki ya migodi yana salfeti tele.

Tafuta bidoni (madumu) mbili za lita 20. Kule dambo, ondoa tope la juu la kahawia, chimba mpaka lile jeusi linalonuka yai bovu. Jaza ndoo, uifunike upesi, maana hewa ni adui wao. Changanya na samadi ya ng'ombe iliyooza, maranda kutoka kwa seremala, na mawe ya chokaa yaliyopondwa, ujaze bidoni ya kwanza. Chokaa iliyochomwa hapana! Hiyo inagandisha shaba yenyewe, na hutajua kazi imefanywa na nani. Pumba za mahindi tia kiganja tu. Zikizidi mchanganyiko unachacha na bakteria wanalala.

Bidoni ya pili ijaze vilevile, ila tope na samadi yake uvichemshe sana kwanza, wengi wa bakteria wafe. Wengi huruka hatua hii, nami simkubalii mwanafunzi anayeiruka, kwa sababu samadi na maranda peke yake hunasa shaba. Mwanzoni bidoni zote mbili zitatoa maji yasiyo na rangi. Tofauti huja baadaye, samadi ikishashiba.

Kwa kila bidoni ongeza maji ya kisima na kijiko cha chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi), ujaze hadi juu. Pitisha mpira mwembamba kwenye kifuniko, ncha yake izame kwenye chupa ya maji, gesi itoke bila hewa kuingia. Weka nje, mbali na madirisha: gesi hiyo, ile yenye harufu ya yai bovu, ni sumu, na ikiwa nyingi pua huacha kuisikia. Subiri wiki mbili tatu hadi weusi utambae kutoka chini kwenda juu.

Sasa mimina katika bidoni zote mbili salfeti ya shaba iliyoyeyushwa, ya samawati hafifu, kidogo kidogo. Usianze na maji ya mfereji wa kiwanda. Ukali wake unaweza kuwaua wote. Baada ya siku chache chota maji, tumbukiza msumari uliosuguliwa. Ukivaa rangi nyekundu ya shaba, bado. Usipovaa, shaba imepungua sana, lakini maji hayo si ya kunywa wala ya kumwagilia lengalenga (mchicha).

Shaba yote iko kwenye tope. Ukilianika, hewa huirudisha majini; kwa hiyo libaki chini ya maji, bidoni imefungwa na kuandikwa, wala lisimwagwe shambani au mto Kafubu.