Picha za saiti zinazoleta kazi: mwongozo kwa fundi wa nyumba

Mafundi wengi hutoa simu mfukoni siku ya kukabidhi kazi. Kufikia hapo picha zenye thamani kubwa zaidi zimeshapotea: ukuta ulivyokuwa na unyevu, mabomba kabla hayajafukiwa, sakafu ilipopakwa dawa ya kuzuia maji. Picha ya bafu linalong'aa kila fundi anayo, na asiyenayo ameipakua mtandaoni. Mteja anayekaribia kutoa kianzio anawaza jambo jingine: chini ya marumaru kuna nini? Ukimjibu kwa picha, bei hujadiliwa kwa utulivu zaidi.

Tuchukue bafu dogo la mita 1.8 kwa 2.4, kazi ya kawaida Dar es Salaam.

Kabla ya nyundo ya kwanza

Chagua sehemu tatu za kusimama: mlangoni ukitazama ndani, kona ya ndani ukitazama mlango, na karibu kabisa na tatizo lenyewe, iwe ukungu, ufa au bomba linalovuja. Alama ya miguu iweke nje ya mlango kwa gundi ya karatasi, maana sakafu ya ndani utaibomoa. Kwenye ukuta wa nje, karibu na mlango, chora kwa penseli kimo cha simu, mita 1.2 panafaa. Picha ya "baada" ipigwe papo hapo, kwa kimo kilekile na lenzi ileile, la sivyo mtazamaji atadhani ni nyumba mbili tofauti.

Lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, itakushawishi kwa sababu inameza chumba kizima. Tatizo lake ni kuvuta pembeni: sinki linakuwa yai, kuta zinalala, na mteja akifika anakuta chumba kidogo kuliko alichoahidiwa. Rudi nyuma hadi koridoni utumie lenzi ya kawaida, ya 1. Ikishindikana kabisa, tumia 0.5 lakini simu isimame wima bila kuinamishwa, na choo au sinki visikae ukingoni mwa picha. Washa mistari ya gridi kwenye kamera, ulinganishe mmoja na fremu ya mlango.

Kazi inayofichwa

Hapa usibane picha. Baada ya kulaza mabomba, jaza maji na presha, piga picha ya geji, kisha ipige tena baada ya saa moja sindano ikiwa palepale. Mteremko wa sakafu uonyeshe kwa pima maji na futi pamoja. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji inatosha, na ionekane inasomeka. Dawa ya kuzuia maji piga picha kila mkono, yaani kila tabaka, hasa pale inapopanda ukutani na kuzunguka tundu. Kisha ziba tundu, jaza maji sakafuni, chora mstari yalipofika, piga picha. Rudia kesho yake saa ileile, na upige pia dari ya chini kama ni ghorofa.

Wakati wa kubandika, bandua marumaru moja iliyowekwa sasa hivi uonyeshe mgongo wake umeshika gundi kila mahali. Mtu aliyewahi kukanyaga sakafu inayolia tupu ataielewa picha hiyo bila maelezo.

Kwa umeme, piga mabomba ya nyaya kabla ya plasta, futi ikiwa imenyooshwa kutoka kona ya chumba. Mpe mteja nakala. Siku atakapotaka kutoboa ukuta aweke rafu, ataifungua picha hiyo, na jina lako litakuwa nayo.

Mwanga na vumbi

Vumbi la saruji au jipsamu kwenye lenzi hufanya picha iwe na ukungu. Lipulize kwanza ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ukifuta moja kwa moja unakikwaruza kioo.

Nje ya nyumba, epuka saa sita mchana: jua liko utosini, kivuli cha paa kinakata ukuta vipande viwili. Ukuta unaotazama mashariki piga asubuhi kuanzia saa moja hadi saa tatu, unaotazama magharibi baada ya saa kumi jioni. Ndani zima flashi, maana marumaru inairudisha kama doa jeupe. Usichanganye taa ya njano na mwanga wa dirishani. Rangi ya ukuta iliyo nyeupe itatoka kama maziwa yaliyoungua. Michirizi myeusi inayokatiza picha husababishwa na taa za LED zinazopepesa. Zizime, au kama kamera inakuruhusu kupanga mwenyewe, weka kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Kabla ya picha ya mwisho, futa ukungu mweupe wa grauti (ile ya kujaza nafasi kati ya marumaru), ondoa ndoo na mifuko, shusha mfuniko wa choo, na hakikisha huonekani kwenye kioo umesimama na kaptula ya kazi.

Ruhusa

Andika sentensi moja kwenye makubaliano ya kazi kwamba utapiga picha na kuzitumia kwa matangazo, mteja asaini au akatae. Wapo wasiotaka tu majirani wajue wamejenga nini, na hilo ni haki yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sura za watu, namba za magari na picha za familia ukutani visionekane. Hali kadhalika kufuli, kamera za ulinzi na namba ya nyumba. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera, kwa kuwa picha inayotumwa kama dokumenti hubeba ndani yake mahali nyumba ilipo.

Pa kuziweka

Status ya WhatsApp hudumu saa 24, na huonwa tu na mtu mliyehifadhiana namba. Ni nzuri kwa wateja wa zamani, ila haimfikii mgeni. Weka kazi zako kwenye katalogi ya WhatsApp Business, kila kazi ikiwa bidhaa moja yenye picha hadi 10. Ukurasa wa biashara wa Google ni bure, na fundi asiye na ofisi anaweza kuficha anwani akaonyesha maeneo anayohudumia tu. Picha ziwe JPG au PNG, zisizozidi MB 5. Instagram inapendelea picha ya kusimama, 1080 kwa 1350. Anza na "baada", fuata na "kabla", halafu kazi inayofichwa. Sita au saba zinatosha.

Picha bila maelezo ni pambo. Andika hivi:

"Bafu, Goba. Mita 1.8 × 2.4, marumaru hadi mita 2.4 juu. Ukutani 30×60, maboksi 15 ya vipande 8. Sakafuni 30×30 zisizoteleza. Dawa ya maji mikono miwili, imejaribiwa saa 24. Siku 8. Bei ya ufundi tu, vifaa ni vya mteja."

Mstari wa mwisho usiuache. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Na kama hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, jiite fundi, usiandike mkandarasi.

Picha za kuazima zinajulikana haraka kuliko unavyodhani. Soketi ya Kimarekani ukutani, dirisha lisilo na nondo wala wavu wa mbu, na tayari mteja ameshajua. Mwingine ataiweka kwenye Google Lens aone ilikotoka.

Mteja anayejenga akiwa Muscat au London ana hofu zaidi, mara nyingi kwa sababu ameshaliwa na ndugu. Mtumie video moja isiyokatwa kutoka getini hadi chumba kinachojengwa, futi ikionekana, kila Ijumaa kabla hajaomba. Picha zake tuma kwa HD au kama dokumenti, na nakala halisi hifadhi kwenye folda yenye mwaka, mwezi, eneo na kazi: "2025-03 Goba bafu".

Kwa kazi za paa na unyevu, weka kumbukumbu ya kurudi Juni, masika yakishapita. Simama kwenye alama ileile, piga ukuta uleule, na utume picha hizo mbili kwa mtu yeyote anayeuliza kama dawa yako inashika.