Jinsi ya kubuni nchi ya visiwa yenye siri, kwa beseni na udongo

Ninachora ramani za nchi zisizokuwepo na kuziandikia historia, kwa ajili ya hadithi na michezo ya mezani tunayocheza hapa Mwanza. Nchi niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni Ukerewe iliyojitenga: visiwa vilevile 38 vya wilaya ya leo, ila havikutawaliwa na Mjerumani wala Mwingereza, kwa sababu havikuchoreka. Nitakuonyesha nilivyoijenga, nawe ukajenge ya kwako.

Tafuta beseni pana, udongo wa mfinyanzi, kikombe, penseli, karatasi na ramani ya kweli ya Ziwa Victoria. Steshenari yoyote ya mtaani itakutosheleza, udongo utauchimba mwenyewe.

Hatua ya 1: Pindisha siku moja tu

Anayeanza hupenda kupindisha kila kitu, mwisho msomaji hajui ashike wapi. Mimi nilichagua mwaka 1890. Mwaka huo Uingereza na Ujerumani walikamilisha kugawana eneo letu, na ziwani mpaka wao ukafuata digrii 1 kusini mwa ikweta. Ukerewe iko karibu na digrii 2, ikaangukia kwa Mjerumani. Katika historia yangu mstari ulipigwa vilevile, ila wino wa visiwa ulikataa kukaa karatasini. Kila asubuhi makarani walikuta maji matupu pale walipochora kisiwa jana yake. Na kisichochoreka hakiandikwi kwenye mkataba.

Ukishapindisha, pitia matukio ya kweli moja moja uone yanageukaje. Juni 1916 Waingereza waliiteka Ukerewe, Julai wakaingia Mwanza. Kwangu mimi, meli zao zilizunguka siku tatu zikipima kina, zikaandika "maji", zikaenda Mwanza moja kwa moja.

Aliyenisumbua ni Stanley, mpelelezi wa Kizungu. Alilizunguka ziwa mwaka 1875, akaonana na Omukama (mfalme) Lukonge wa Ukerewe, akachora. Sasa ramani iliyokwisha chapwa nayo inafutikaje? Nilikwama hapo wiki nzima. Jibu nililipata kwa Speke, mpelelezi aliyemtangulia, aliyefika Mwanza Agosti 1858: Waarabu wa misafara walikuwa wamemtajia ziwa lenyewe kwa jina la Ukerewe. Basi kwangu kisiwa kilifutika mpaka kwenye vitabu, likabaki jina, na Wazungu wakaamini kwamba ni jina la maji. Ukikwama, rudi kwenye tukio la kweli uligeuze kidogo. Mara nyingi jibu limelala humohumo.

Hatua ya 2: Jenga nchi ndani ya beseni

Usianze na karatasi. Finyanga udongo chini ya beseni: vilima, mabonde, mto mmoja unaopinda katikati. Usifikirie visiwa kabisa, fikiria nchi kavu. Uache ukauke kivulini siku mbili, kisha mimina maji kikombe kimoja kimoja. Kila kikombe, simama na kuchora ufukwe ulipofika.

Kwenye beseni langu, kikombe cha tatu kilifunika mto. Cha sita kikamega kilima kimoja kikawa viwili. Cha tisa kilibakiza vipande saba vya udongo juu ya maji, na hapo ndipo nilipoacha. (Kilima cha kumi na mbili kilikuwa kimeyeyuka kwa kukosa subira yangu. Kausha vizuri.)

Nafanya hivi kwa sababu ziwa letu lenyewe lilikuwa hivyo. Miaka zaidi ya 15,000 iliyopita lilikauka, pakawa nyika ya majani, kisha likajaa upya. Hata leo ni pana mno lakini si la kina: sehemu ya chini kabisa ni mita 80 na ushee. Kwa hiyo kisiwa ni kilele cha nchi iliyozama, na Wakerewe wangu wa kubuni wanaihesabu nchi hiyo kuwa yao bado. Mpaka wao hawaupimi kwa maili, wanaupima kwa pima za kamba kwenda chini. Mabalozi wao ni wapiga mbizi. Michoro ile ya vikombe tisa ndiyo atlasi yao, na mchoro wa kikombe cha kwanza hufunuliwa mbele ya Omukama pekee.

Hatua ya 3: Siri ifuate mwezi

Uchawi usio na ratiba huchosha. Wavuvi wa dagaa wanayo ratiba tayari: usiku wa giza wanatoka na taa, mbalamwezi ikikolea wanapumzika na kushona nyavu. Nikaweka sheria moja: ramani ya Ukerewe husomeka wakati wa mbalamwezi, giza likianza hufutika. Maana yake, siku unazoweza kuiona njia ndizo siku wenye mitumbwi wako nyumbani.

Kisha kuna wale vijidudu wanaopanda kutoka ziwani kama nguzo za moshi, hasa mwezi mpya ukikaribia. Mgeni akiwaona kwa mbali hudhani kijiji kinaungua. Kwangu ule ni moshi wa majiko ya chini.

Hatua ya 4: Siri ikae mahali, isikae kwa mtu

Hatua hii usiiruke. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mlinzi wa mlango wa chini: kikongwe mwenye macho mekundu. Nikamsomea bibi yangu, jikoni kwake, moshi wa samadi umejaa mpaka darini. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mjukuu wangu, huyo uliyemwandika si ni mimi?"

Kanda yetu hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na kinachoyafanya mekundu ni moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa uongo wa namna hiyohiyo. Nilichana kurasa kumi na nne. Mlango sasa unalindwa na mwamba, na miamba Mwanza haijawahi kutuishia.

Lile Jiwe Linalocheza la kisiwa cha Ukara ni la watu na lina wenyewe. Nenda ukalione, kisha buni la kwako. Na ajali za meli, MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018, usizitie humo. Wafiwa tunakaa nao mtaa mmoja.

Hatua ya 5: Wanakula nini?

Fupi. Ugali wa muhogo, furu (samaki wadogo wa ziwani), sato, machungwa. Sangara je? Aliletwa ziwani miaka ya 1950 kutokea upande wa Uganda, na samaki hahitaji ramani, kwa hiyo atafika tu na atawala furu wao. Hicho ndicho kitu pekee cha nje kilichowahi kuivamia nchi yangu.

Hatua ya 6: Mpe nahodha

Ukimaliza, usimpe mwandishi mwenzako. Nilipeleka yangu soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwa mzee aliyeendesha mitumbwi ya tanga tangu ujana wake. Mkataba na wino havikumshughulisha. Aliweka kidole pale mashujaa wangu wanapong'oa nanga kuelekea kisiwani.

"Wanatoka saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri, mzee. Tanga limejaa."

"Saa tisa upepo unatoka ziwani. Hilo tanga litawarudisha hapahapa sokoni."

Nimewahamishia saa kumi na moja alfajiri, upepo wa nchi kavu ukiwa bado unasukuma.