Kabla hujadai fidia ya goti uliloumizwa

Laki tatu zililetwa wodini ndani ya bahasha ya kaki, siku ya pili baada ya gari kumgonga mdogo wangu akiwa abiria wa bodaboda. Aliyezileta alikuja pia na karatasi na kalamu. "Dada, tuyamalize kiungwana, mambo ya polisi yatatuchosha sote." Mama alishaanza kuitikia kwa kichwa, maana dawa za siku ile zilikuwa hazijalipiwa. Karatasi ilisema mgonjwa amelipwa stahili zake zote na hatadai tena. Hatukusaini. Ninaandika haya kwa ajili ya familia zinazoletewa bahasha kama ile.

La kwanza ni kuliachia goti muda wa kujionyesha. Eksirei inaonyesha mfupa. Kano zinazolishikilia goti na vigegedu vya katikati havionekani humo. Mtu anaambiwa hajavunjika, anarudi nyumbani na bandeji, uvimbe unapungua, kisha siku moja anashuka ngazi na goti linaachia. Kwa mdogo wangu, kipimo cha MRI ndicho kilichoonyesha kano ya mbele imekatika, na wiki tano zilikuwa zimeshapita. Kabla ya kutaja kiasi chochote, mwombe daktari bingwa wa mifupa aandike nini kimeumia, matibabu gani yamebaki, kama upasuaji utahitajika, na ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Asilimia hiyo hukadiriwa goti likishatulia, huenda ikawa baada ya miezi mingi.

PF3, yaani fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, hutolewa kituoni, daktari akaijaza. Aliyeumia vibaya awahishwe hospitali, ndugu mmoja aifuate fomu kituoni siku hiyo hiyo. Ikijazwa, isomeni palepale. Yetu iliandikwa "majeraha mguuni", basi, bila kutaja goti wala upande, na tulilazimika kurudi kuomba irekebishwe. Toeni nakala kadhaa. Baadaye mtahitaji pia ripoti ya polisi ya ajali, mchoro wa eneo la tukio, ripoti ya ukaguzi wa gari na, dereva akishitakiwa, nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki. Ile hukumu ina uzito mkubwa, kwa hiyo msiiache kesi ijiendee yenyewe. Shahidi asipofika mahakamani, inaweza kufutwa.

Namba ya gari ipigwe picha mapema. Sheria ya Tanzania inalazimisha vyombo vya moto vinavyotembea barabarani viwe na bima, angalau ile ya kulinda watu wengine, na kwa namba ya usajili unaweza kuhakiki bima hiyo kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima. Wengi hudhani mwenye gari akisema hana hela, habari imeishia hapo. Kesi hufunguliwa dhidi ya dereva na mmiliki, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi mapema, kwa sababu ndiyo itakayotakiwa kulipa hukumu ikitoka. Bima ikivuta miguu, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Uliumia ukiwa kazini? Basi uliza pia kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko huhitaji kuthibitisha kosa ni la nani, lakini taarifa isichelewe zaidi ya miezi 12. Kesi ya madai ya kawaida ina miaka 3 tangu siku ya tukio. Inaonekana mingi, ila mazungumzo ya "njoo wiki ijayo" huila yote.

Sasa daftari. Mahakama hutenganisha hasara unayoweza kuihesabu na maumivu uliyoyapata, na ile ya kuhesabu inataka ushahidi wa kila shilingi. Tunza risiti za dawa, magongo, mazoezi ya viungo. Bodaboda na bajaji hawatoi risiti. Andika tarehe, ulikotoka, ulikokwenda na nauli, na ukiweza lipa kwa simu ili ujumbe ubaki. Mdogo wangu anauza chakula, hana hati ya mshahara. Tulichukua taarifa ya miamala yake ya simu na barua ya serikali ya mtaa. Humo humo daftarini aliandika asichoweza tena: kuchuchumaa chooni, kupanda daladala bila kushikwa mkono, kusujudu. Siku hizi anaswali akiwa kwenye kiti. Mstari huo mmoja ulimweleza wakili wetu mambo ambayo ripoti haikuyasema.

Semeni kweli yote kuhusu ajali yenyewe. Kama mlipanda mishikaki, au abiria hakuvaa kofia ngumu, wakili ayasikie kwenu kabla hajayasikia kwa upande wa pili. Malipo ya wakili muyaandikiane tangu mwanzo, asilimia na gharama za kufungua kesi. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017.

Na karatasi yoyote yenye maneno "sitadai tena", ombeni nakala, mwende nayo nyumbani, asomewe mgonjwa mwenyewe kwa sauti kabla kalamu haijashikwa.