Gari lipo Kimara, mwenye gari yupo Dodoma

Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, gari langu halina kazi. Zamani niliendesha mwenyewe, siku nzima barabarani, malori, tochi za trafiki, mgongo unauma. Sasa Jumapili napanda treni, na Toyota IST yangu inabaki Kimara, Dar es Salaam, kwa mama, chini ya turubai, wiki nne, wiki sita, mara moja ilikaa hata tisa.

Betri ya kwanza niliiua kwa kuijali. Kila Jumamosi mdogo wangu alikuwa analiwasha gari, analiacha lingurume dakika 5, anazima. Ananitumia na video WhatsApp, mimi Dodoma roho kwatu. Pasaka nikarudi, usiku, nazungusha ufunguo: tik-tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Fundi umeme alipokuja asubuhi hakuuliza betri ina umri gani. Aliuliza, "Dada, nani anakuwashia gari ukiwa haupo?" Nikamtaja mdogo wangu, tena kwa kujivuna. Fundi akacheka, akaomba kalamu.

Hesabu aliyoniandikia nyuma ya risiti ndiyo hii. Gari lililozimwa halilali usingizi mzito. Alamu inasikiliza rimoti, saa inatembea, redio na kompyuta ya injini zinatunza kumbukumbu zake. Kwa gari zima lisilo na hitilafu, vyote hivyo vinakula kama miliampea 20 hadi 50. Chukua 40: kwa siku ni karibu Ah 1 (ampea-saa, yaani ampea moja kwa saa moja), kwa wiki karibu Ah 7. Betri yangu ni ya saizi ya NS60, Ah 45 ikiwa mpya dukani. Na haingoji kufika sifuri ndipo igome. Ikibaki nusu, na kama ni ya mwaka wa pili au wa tatu, stata, ile mota inayoamsha injini, inaanza kusuasua. Kwa hiyo una wiki tatu hivi, hata kama huna kosa lolote kwenye gari.

Sasa njoo kwenye dakika 5 za mdogo wangu. Wengi tunaamini stata ndiyo mlafi. Kweli inavuta ampea mia na kitu, lakini kwa sekunde 2 au 3, na ukipiga hesabu haifiki hata robo ya Ah 1. Mlafi ni ile wiki nzima ya kusimama. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma gari likiwa limesimama, tuseme altaneta, jenereta ndogo ya injini, inairudishia betri ampea 15 au 20. Kwa dakika 5 umepata Ah 1 na nusu hivi. Umetoa 7, umerudisha 1 na nusu. Na kijana kumbe alikuwa anawasha AC na muziki, kwa hiyo hata hiyo 1 na nusu tunamsamehe tu. Kila Jumamosi deni linaongezeka. Halafu betri ya risasi na asidi ikikaa na njaa kwa muda mrefu, salfeti inayojijenga kwenye sahani zake inakomaa na kuwa ngumu, na chaji ya kawaida haiiondoi tena. Ndiyo maana betri ya namna hiyo unaipeleka kuchajiwa, inarudi, inakaa siku mbili, inalala tena, na wewe unamlaumu mwenye chaja.

Tangu hapo nimepiga marufuku kuwashiwa gari. Ninatoa waya wa hasi kwenye betri, basi.

Kazi inaanza kabla ya kutoa waya, kwa sababu betri unatakiwa uiache imeshiba. Siku ninayosafiri naamka mapema, naendesha kutoka Kimara hadi Kibaha na kurudi, AC imezimwa. Muda unazidi kidogo nusu saa kila upande kama foleni ya Mbezi haijafunga. Injini ikiwa kwenye mwendo, altaneta inatoa volti 14 na ushei, na hapo ndipo betri inakula vizuri. Mzunguko wa dukani na kurudi hauhesabiki.

Nikirudi napaki, nafunga vioo vyote, nazima gari, nachomoa ufunguo, nashuka na ufunguo mkononi. Nasema mkononi kwa sababu kuna siku niliuacha kwenye kiti, na sitaki kusimulia zaidi. Nafungua boneti, kisha nasubiri dakika kadhaa ili vile vikompyuta vitulie. Pete na bangili navivua. Betri ni volti 12 tu, haikurushi, lakini chuma kikigusa chanya na bodi kwa pamoja kinakuwa chekundu papo hapo, na kidole kikiwa ndani yake utajua.

Spana ni namba 10. Kwenye IST na magari mengi ya Kijapani ni hiyo hiyo. Unaanza na hasi, ule waya mweusi unaokwenda kufungwa kwenye bodi. Sababu ni moja: bodi nzima ya gari ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikateleza ikagusa bodi, cheche zinaruka juu ya betri ambayo pengine bado inatoa hewa ya haidrojeni baada ya kuchajiwa. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Legeza nati mizunguko miwili mitatu, usiitoe yote, zungusha kibano cha waya kushoto na kulia huku ukikivuta juu. Usikipige nyundo wala kukichokonoa na bisibisi, kichwa cha betri ni risasi laini.

Kibano kikishatoka, kina tabia ya kujirudisha chenyewe, waya una springi kama mkia wa paka. Mimi nakivisha soksi kuukuu ya mpwa wangu, nakisukuma pembeni mbali na betri. Chanya sigusi. Boneti nafunga, milango nafunga kwa ufunguo wa kawaida maana rimoti haina kazi tena. Kama funguo yako ni ya kielektroniki tupu, ndani yake kuna kijifunguo cha chuma. Kitafute leo, ukiwa hujapata shida.

Unachopoteza ni alamu. Kwetu kuna geti na mama yangu ambaye halali, kwa hiyo sihofii. Kama unapaki barabarani, fikiria mara mbili. Na kama gari bado lina mkopo na limefungwa kifaa cha GPS, toa taarifa kwa waliokukopesha kabla ya kukata umeme. Mimi sikutoa. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye kikao, sauti ya mtu anayeamini nimeshavuka mpaka wa Tunduma na gari lao.

Betri iliyotolewa waya inapungua bado, lakini taratibu, yenyewe kwa yenyewe: asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi kwenye nyuzi joto 25, na zaidi kwenye joto letu la Dar mwezi wa pili. Kivuli kinasaidia. Kwa wiki sita sijawahi kupata shida. Zikifika wiki nane au kumi ningetafuta mtu aichaji.

Sasa hivi vyote ni maneno kama hupimi. Nunua multimita, kile kipimo cha umeme. Yangu niliipata Gerezani, Dar, kwa elfu 15, ya njano, na inanitosha. Iweke kwenye volti za DC, 20, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, gari likiwa limezimwa tangu usiku. Ukipima mara tu baada ya kuzima utadanganywa, betri inaonyesha namba ya juu ambayo si yake. Asubuhi ikisoma 12.6 au zaidi imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu, na hapo usiiache hivyo hata wiki. Ikiwa chini ya 12, ichaji leo. Mara ya mwisho niliiacha na 12.66, baada ya siku 40 nikaikuta 12.53. Likawaka kwa mguso mmoja na mama akatoka dirishani kuuliza nani amekuja.

Kuna wasioweza kutoa waya, kwa mfano kama gari linatumiwa na mtu mara mojamoja. Huyo mtu basi aendeshe, asiungurumishe. Dakika 40 barabarani kila baada ya wiki moja au mbili, mchana, bila mizigo ya umeme. Au nunua chaja ndogo ya kielektroniki, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Unaibana kwenye betri, unaiacha kwenye soketi ya ukutani, na inakula luku kidogo sana. Chaja kubwa za zamani zisizojizima usiziache zimechomekwa ukasafiri, zitachemsha maji ya betri yakauke. Paneli ndogo ya sola nayo inafaa, ila makosa mawili yanawaangusha wengi: paneli inawekwa kwenye gari lililo chini ya mwembe, au inachomekwa kwenye tundu la kiberiti ambalo kwenye magari mengi ya Toyota linakata umeme ukichomoa ufunguo. Bana moja kwa moja kwenye betri, na kwa paneli ya wati 10 kwenda juu weka kidhibiti chaji.

Na kama betri yako nzima inalala ndani ya siku chache, usitafute dawa humu, kuna kitu kinavujisha umeme. Noah ya jirani yetu ililala mara tatu ndani ya mwezi, akabadilisha betri, mpya nayo ikalala. Fundi alifunga mita kati ya waya wa hasi na betri, akachomoa fyuzi mojamoja hadi namba ikaporomoka. Ilikuwa kamera ya kioo cha mbele, aliyemfungia aliunga waya moja kwa moja kwenye umeme usiokatika.

Kurudisha ni kinyume, hasi ndiyo ya mwisho. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi, sugua na mswaki, kausha, paka grisi kidogo. Kibano kikaze hadi kisizunguke kwa mkono. Alamu inaweza kulia mara moja, majirani wamezoea. Sailensa inaweza kupanda na kushuka dakika chache mpaka kompyuta ijifunze upya, usikimbilie gereji. Saa utaiseti.

Redio ndiyo shida. Kama ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani, yenye ramani na maandishi ya Kijapani, inaweza kujifunga ikikosa umeme na kudai namba ya siri ambayo wewe huna wala aliyekuuzia hana. Yangu ilijifunga siku ya kwanza kabisa nilipotoa waya. Nilipiga simu kwa mafundi wawili, wote wakataka hela nyingi kuliko betri yenyewe. Naendesha bila redio mpaka leo, mama akipanda anaimba yeye.